Operesheni ya taya yenye kupangwa kwa kompyuta: kipi kinasafiri, kipi kinabaki Bukavu

Hapa kwetu Bukavu kuna maneno yenye yanasikika kwenye mulango wa hospitali: «Wametuambia operesheni ya taya ya huyu mutoto inaombaka kompyuta, na kompyuta yenyewe iko Kigali ao Nairobi.» Basi jamaa inaanza kuhesabu. Karatasi za kuvuka Ruzizi, tiketi, nyumba ya kulala, chakula cha mwenye kumulinda mugonjwa, kisha dola za hospitali. Pengine shamba la kule Kabare ao Walungu linauzwa, na bado hakuna mutu mwenye ameeleza ile kompyuta inafanya kazi gani.

Ndiyo maana ya makala hii. Kompyuta, ile wengine tunaita ordinatere, haipasui mutu. Inasaidia kupima na kupanga mbele ya kisu. Na mupango huo ni faili. Faili inaweza kuvuka mupaka peke yake, bila mugonjwa kupanda gari. Kuna mambo mengine yenye hayawezi kusafiri hivyo, na hayo ndiyo jamaa ingepaswa kuuliza kwanza.

Ni mataya gani yanasahihishwa?

Kuna mutu mwenye taya la chini limetokeza sana mbele, na mwingine lake limerudi nyuma mupaka kidevu hakionekani. Kuna mwenye uso umekwenda upande mumoja. Kuna pia wenye wanafunga kinywa lakini meno ya mbele hayakutani, hata kukata muhindi inakuwa shida. Watu wanasema haya ni mambo ya urembo. Hapana. Meno yasipokutana, chakula hakitafuniki vizuri na maneno mengine hayatoki sawa. Taya la chini likiwa dogo sana, ulimi unarudi nyuma, mutu anakoroma, na usiku pumzi inakatika-katika.

Katika inchi tajiri, wengi wenye wanafanyiwa operesheni hii ni vijana wenye mataya yamekua bila kulingana. Kwetu kuna historia zingine. Mutoto mwenye alizaliwa na mudomo uliopasuka, akashonwa angali mudogo, anaweza kufika umri wa shule ya sekondari taya la juu likiwa limebaki nyuma. Mutoto mwingine alianguka ao aliugua sikio lenye usaha, kisha kifundo cha taya, pale mbele ya sikio, kikashikana mufupa kwa mufupa. Kinywa hakifunguki tena, na kidevu kinaacha kukua. Halafu kuna pikipiki. Motari ao abiria wake anavunjika taya, anafungwa-fungwa kwenye senta ya afya ya mbali, mufupa unaunga vibaya, na kisha miezi anafika mujini na uso wenye umepinda. Na kuna risasi, yenye haivunji tu bali inabeba kipande cha mufupa. Kule Goma, kwenye hospitali ya CBCA Ndosho, timu za Musalaba Mwekundu wa kimataifa zimepasua wajeruhiwa wa vita kwa miaka mingi, na majeraha ya uso hayakosekani.

Kwa hiyo, tukisema «kusahihisha taya» katika Kivu, mara nyingi tuko karibu na «kujenga taya upya». Kompyuta inatumika kwa yote mawili, lakini faida yake si sawa. Tutarudi hapo.

Operesheni ni ya zamani kuliko kompyuta

Operesheni ya kwanza ya namna hii yenye iliandikwa katika vitabu ilifanywa na Simon Hullihen huko Wheeling, Marekani, na habari yake ikatoka mwaka wa 1849. Mugonjwa alikuwa mwanamuke kijana mwenye aliungua moto angali mutoto. Kovu la shingo lilivuta taya lake la chini mupaka likarefuka. Kila mama wa Bukavu mwenye amepika na mbabula chini, watoto wakikimbia pembeni, ataelewa habari hiyo bila kuelezwa mara mbili.

Mwaka wa 1901 Mufaransa René Le Fort alichunguza vichwa vya maiti na kuonyesha kwamba mifupa ya uso inavunjika kwa mistari yenye kujulikana. Mustari wake wa chini kabisa, wenye unapita juu ya mizizi ya meno ya juu, ndio leo waganga wanafuata kwa makusudi wakitaka kusogeza taya la juu. Kwa taya la chini, kazi kubwa ni ya Hugo Obwegeser, mwenye alizaliwa Austria na kufanya kazi Zurich. Njia yake ilitangazwa mwaka wa 1957. Anapasua taya kutoka ndani ya kinywa, na anagawanya mufupa kwa unene wake, sawa na fundi mwenye anapasua ubao kuwa mbao mbili nyembamba. Vipande vinateleza kimoja juu ya kingine, mbele ao nyuma, bila kuachana. Mufupa unabaki umegusa mufupa, kwa hiyo unaunga.

Obwegeser hakuwa na kompyuta. Yeye na wanafunzi wake walitumia plastere. Mugonjwa anauma unga laini, unatoa alama ya meno, plastere inamiminwa, na meno ya plastere yanafungwa kwenye kifaa chenye bawaba chenye kinaiga kinywa. Muganga anakata plastere kwa musumeno, anasogeza milimita 4 ao 6, anashika na nta. Kisha anatengeneza kipande cha plastiki cha kuwekwa katikati ya meno, wenye kusoma Kifaransa wanakiita gutiera. Siku ya operesheni, gutiera hiyo ndiyo inaonyesha taya likae wapi.

Hiyo njia ingali inafanya kazi leo. Mahali penye muganga muzuri, fundi wa meno na plastere, watu wanapona nayo. Mutu akikuambia kwamba bila kompyuta operesheni haiwezekani, anakudanganya ao yeye mwenyewe amedanganywa. Shida ya njia ya zamani ni uso wenye umepinda. Picha ya eksirei, ile tunaita «radio» (si radio yenye unasikiliza sasa!), inaonyesha uso kutoka upande mumoja kama kivuli ukutani. Kushoto na kulia vinalaliana. Na plastere inaonyesha meno tu. Mufupa wenye uko nyuma yake, mushipa wenye unapita ndani, havionekani.

Skaneri imeleta nini

Skaneri inapiga picha nyingi nyembamba za kichwa, moja nyuma ya ingine, sawa na mukate wenye umekatwa vipande, kisha kompyuta inavirudisha pamoja. Mugonjwa wa kwanza alipitishwa ndani ya mashini hiyo London mwaka wa 1971, kwa kazi ya Godfrey Hounsfield. Alipewa Nobel mwaka wa 1979 pamoja na Allan Cormack, mwenye alizaliwa Johannesburg, na mwenye alianza kufikiria hesabu ya jambo hilo akiwa Cape Town. Kwa hiyo Afrika iko ndani ya historia hii tangu mwanzo.

Kupanga operesheni ya taya kunaomba skaneri yenye vipande vyembamba, milimita 1 ao chini yake. Hapa ndipo makuta mengi yanapotea. Skaneri yenye ilifanywa juu ya jeraha la kichwa, na vipande vya milimita 5, inaweza kutosha kuona damu kwenye ubongo, lakini taya lenye linatoka humo litakuwa na ngazi-ngazi kama mulima wa kulima. Halitumiki. Mugonjwa analipa tena, na mwili wake unapokea tena miale yenye haikuwa ya lazima. Mama mwenye mimba, ao mwenye anafikiri ana mimba, aseme mbele ya kuingia.

Namna ya kufunga kinywa ndani ya mashini nayo ina uzito. Meno yawe katika hali yenye muganga ameonyesha, midomo ipumzike, ulimi usisukume. Mugonjwa akiuma vibaya, taya limekwisha kusogea mbele mupango haujaanza. Na sababu skaneri haionyeshi meno vizuri, hasa penye chuma cha kuziba jino, alama ya meno inachukuliwa pembeni, kwa kifaa cha kupiga picha kinywani ao kwa plastere ileile ya zamani yenye inapigwa picha. Kompyuta inaunganisha vitu viwili: mufupa kutoka skaneri, meno kutoka alama.

Sasa muganga ana kichwa cha mugonjwa kwenye kioo, anakizungusha anavyotaka. Anatenga taya la juu, taya la chini, kila kimoja na rangi yake. Anafuata njia ya mushipa wa hisi wenye unapita ndani ya taya la chini na kutoka kwenye kidevu. Anachora pa kukata, anasogeza, anaangalia mufupa unagongana wapi na unaacha nafasi wapi. Kama taya la juu lilikuwa limelala upande, analiinua milimita 3 kushoto na kuona papo hapo kidevu kinakwenda wapi. Akikosea, anarudi nyuma. Kwenye plastere, kukosea kulikuwa kuanza upya. Kwenye mutu, hatuongei.

Mwisho wa kazi hiyo, kompyuta inatoa gutiera yenye inachapwa na mashini ya kuchapa vitu. Waganga wengine wanachapa pia kiongozi cha musumeno, kipande chenye kinakaa juu ya mufupa na kuonyesha pa kupitisha msumeno, ao plaki za titani zenye zimetengenezwa kwa mugonjwa huyo peke yake. Kuna wenye wamekwenda mbali zaidi. Mwaka wa 2011, Uholanzi, mama wa miaka 83 aliwekewa taya la chini lote la titani lenye lilichapwa na kampuni ya Ubelgiji. Mwaka wa 2014, waganga wa hospitali ya Kimberley, Afrika Kusini, pamoja na chuo cha Central University of Technology cha Bloemfontein, waliweka taya la titani lenye kuchapwa. Hizo ni kazi za wagonjwa wenye taya limeharibika kabisa. Kijana mwenye meno hayakutani haihitaji.

Kompyuta haiwezi kuahidi sura

Programu nyingi zinaweza kuonyesha uso mupya wa mugonjwa mbele ya operesheni. Picha inapendeza, na ni hatari. Mufupa unatii hesabu. Nyama, midomo na pua havitii kwa kiasi kilekile. Mwenye kovu la moto ao la risasi, ngozi yake inavuta inavyotaka. Picha hiyo itumike kwa kuongea, isiwe mukataba. Na zile aplikesheni za simu zenye zinakurefushia kidevu kwa sekunde mbili hazina uhusiano wowote na mambo haya.

Hata mufupa wenyewe haukai kamili pale kompyuta ilisema. Waganga wenye kuchunguza matokeo wanakubali kwa kawaida tofauti isiyozidi milimita 2 kati ya mupango na mugonjwa. Mushipa wa hisi nao: kuuona kwenye kioo kunasaidia kuuepuka, lakini kisha kugawanya taya la chini wagonjwa wengi wanasikia ganzi kwenye mudomo na kidevu kwa wiki ao miezi, na kwa wengine ganzi inabaki. Jambo hilo lisemwe mbele ya mugonjwa kutia sahihi, si kisha.

Hapa kwetu, kipi kinawezekana?

Bukavu si muji wenye haujaona upasuaji wa kisasa. Ku Panzi, ile hospitali yenye Daktari Denis Mukwege alianzisha mwaka wa 1999, upasuaji wa kutumia kamera kupitia matundu madogo ulifanywa pamoja na timu ya Profesa Guy-Bernard Cadière wa Bruxelles. Ilikuwa kwa magonjwa ya akina mama, si kwa mataya. Lakini njia ni ileile: mwenye ujuzi wa mbali na mwenye mugonjwa wa hapa wanakaa kwenye kazi moja.

Kwa mataya, kukaa pamoja huko kunaweza kufanyika kwa intaneti. Hata Ulaya, muganga mara nyingi haketi peke yake kwenye programu. Anatuma faili ya skaneri kwa enjinia wa kampuni kama Materialise ya Leuven, Ubelgiji, yenye ilianzishwa mwaka wa 1990, na wanakutana kwa video kupanga pamoja. Huduma hiyo inalipwa mamia ao maelfu ya dola, hapo wengi wetu tunaishia. Kuna programu za bure. 3D Slicer ilitoka Boston, Marekani. InVesalius ilianza mwaka wa 2001 katika kituo cha serikali huko Campinas, Brazili, juu hospitali za umma za kule zilikosa makuta ya kununua programu za ngambo. Sababu yao tunaielewa. Wenye kutengeneza 3D Slicer wenyewe wanasema ni ya utafiti, haikupewa kibali cha kutibia. Muganga mwenye anaitumia anabeba mwenyewe madaraka ya kuhakikisha vipimo.

Kwa maoni yetu, pa kuanzia si gutiera, wala titani. Ni kielelezo cha taya cha plastiki. Tuchukue kijana mwenye risasi imebeba kipande cha taya la kushoto. Kompyuta inachukua upande wa kulia wenye ni muzima, inaugeuza kama kwenye kioo, inauweka kushoto. Taya lote linachapwa kwa mashini ndogo yenye bei yake ni mamia ya dola. Muganga anaweka kielelezo hicho mezani siku moja mbele, anakunja plaki ya chuma polepole mupaka inalala sawasawa, kisha plaki inapelekwa kusafishwa na kuuliwa vidudu. Siku ya operesheni, plaki iko tayari. Bila hiyo, ukunjaji unafanyika mugonjwa akiwa amelala na ufizi wazi, plaki inajaribiwa, inatolewa, inakunjwa tena, na damu inatoka. Dakika hizo zina bei penye damu ya kuongeza inatafutwa kwa ndugu na marafiki.

Angalisho kwa mafundi vijana wa muji wenye wameanza kuchezea mashini hizo: plastiki ya kawaida, ile PLA, inalegea karibu na digri 60. Mashini ya hospitali ya kuua vidudu kwa muvuke inafika 121 ao 134. Kielelezo kitatoka kimekuwa uji. Kwa hiyo kielelezo hicho kinabaki mezani, hakiingii kwenye jeraha. Kitu chenye kinakwenda kinywani kinaomba plastiki ingine, yenye imekubaliwa kwa mwili. Na kuchapa taya kunaomba saa nyingi, pengine usiku muzima. Umeme ukikatika katikati, na hapa unakatika, mara nyingi unaanza tena. Betri nzuri ni sehemu ya bei ya mashini.

Vyenye havipitii intaneti

Mwenye kulaza mugonjwa usingizi ni wa kwanza. Katika operesheni ya mataya, bomba la pumzi linapita puani, juu muganga anahitaji kinywa. Kwa mutoto mwenye kinywa chake hakifunguki, kupitisha bomba hilo ndiyo sehemu ya hatari kuliko zote, kuliko kukata mufupa. Hospitali yenye ina programu nzuri lakini haina mutu wala vifaa vya pumzi ya namna hiyo, haiko tayari kwa huyo mutoto.

Wa pili ni muganga wa kunyoosha meno. Kwa kijana mwenye mataya hayalingani, vyuma vya meno vinawekwa mbele ya operesheni, mara nyingi mwaka mumoja ao mumoja na nusu, na vinaendelea miezi kisha operesheni. Mutu mwenye anakwenda Kigali wiki mbili na kurudi hajafanya nusu ya matibabu. Umri pia: kwa kawaida wanangoja uso uishe kukua, wasichana karibu miaka 16, wavulana karibu 18, isipokuwa penye pumzi ao kinywa kisichofunguka hakiruhusu kungoja. Kisha operesheni ni uji, supu na vyakula laini kwa karibu wiki sita, na meno kusafishwa kila mara kisha kula.

Na wa tatu ni mupasuaji wa mataya mwenyewe. Wenye ujuzi huo wanafundishwa Nairobi, Dar es Salaam kwenye chuo cha Muhimbili, na Kampala kwenye Makerere. Kinshasa iko na kitivo cha meno. Kwa ukubwa wa majimbo yetu, ni wachache sana. Kompyuta ya Leuven ao ya Campinas haiongezi hata mumoja wao.

Kwa hiyo, ndugu musomaji, mbele shamba halijauzwa, muulize muganga mwenye anakutuma mbali: ni nini hasa yenye inakosekana hapa? Akijibu ni mupango wa kompyuta, uliza kama faili haiwezi kutumwa na operesheni ikafanyika hapa ao Goma. Akijibu ni usingizi, ao vyuma vya meno, ao mukono wa mupasuaji, hapo safari ina sababu, na uliza itakuwa safari ngapi, maana moja haitatosha.

Na siku ya skaneri, usitoke na ile karatasi nyeusi ya picha peke yake. Omba CD ao faili katika muundo wenye unaitwa DICOM, picha zote, vipande vyembamba. Itakuwa nzito, megabaiti mia na zaidi, haipiti vizuri kwa WhatsApp, na picha yenye imepigwa kwa simu juu ya kioo cha hospitali haitumiki kwa kupanga. Nakili CD hiyo kwenye kile ya USB siku ileile, juu CD zinakwaruzika. Andika juu yake jina, tarehe, na kama kinywa kilikuwa kimefungwa ao wazi.